Taa Kali Iliyokimbiza Wateja wa Mkate

Nyie vijana mnaopita hapa Boko jioni na baiskeli zenu za gia, mmevaa suruali za kubana mpaka mkwe akiwaona anageukia ukutani, mie nawaonaga. Mnasimama pale kwa muuza madafu mnashindana taa. Huyu yake inamulika mpaka ng'ambo, yule yake kaagizia nje. Halafu mnazama njia za porini kule nyuma ya Bunju gizani, kwa raha zenu tu, hamjatumwa na mtu. Sawa, kila zama na wazimu wake. Lakini juzi mmoja wenu kaja kwangu goti limechubuka. Kaniamkia vizuri, nikamwitikia marahaba, akaniuliza, "Mzee, nasikia ulikuwa fundi. Eti taa gani ndiyo kali kuliko zote?" Nikamwambia kaa kitako. Alikaa mpaka wakamtafuta kwao, na bado sikuwa nimemaliza. Basi leo nasema yote kwa mkupuo, anayetaka asikie.

Mie ni fundi baiskeli. Sisemi nilikuwa. Ufundi haustaafu, kinachostaafu ni kiuno. Kazi niliianzia Chang'ombe, kwenye karakana ya uani ya Mpare mmoja akiitwa Fundi Zakaria, halafu nikahamia huku Boko nikasimamisha kibanda changu cha mabati kando ya barabara ya Bagamoyo. Viraka, breki, njiti za rimu, vyote nimefanya, lakini jina langu lilitokana na taa. Watu walitoka mbali kuja kufungiwa taa na mie, na hao walikuwa watu wa kutembea gizani kwa lazima: wauza mkaa, wauza maziwa, wagema, walinzi. Hakuna hata mmoja aliyekwenda porini usiku kutafuta jasho. Jasho walikuwa nalo la kutosha.

Huyo Zakaria ndiye aliyenifunza kuchagua taa, na alinifunza kwa kuniona nikikosea mbele ya wateja. Mteja akija kununua taa, mie nilikuwa naigeuza baiskeli kichwa chini, nazungusha gurudumu kwa mkono, taa inawaka, mteja anainama anaitolea macho. Inamchoma mpaka machozi yanamtoka. "Aisee, hii kali!" Ananunua. Nikaona biashara ndiyo hiyo. Zakaria akanyamaza, akanyamaza, siku moja akamshika mteja bega na kumuuliza, "Umeona nini, bwana?"

"Nimeona taa."

"Sasa barabarani utakuwa unaitazama taa? Geuka huko nyuma, utazame inachomulika."

Akamwingiza kwenye stoo yake, chumba hakina hata dirisha. Mle ndani alikuwa anamwaga misumari sakafuni, anakupa taa aliyoiunga na betri, anakwambia okota. Taa iliyokuachia misumari chini, hiyo anairudisha kabatini hata iwe inang'aa namna gani. Zipo zilizokuwa na mwanga mkali katikati, duara dogo jeupe pee, pembeni giza tupu. Ukimulika hapa unaona msumari mmoja, wenziwe kumi wanakucheka. Na zipo zilizofifia kidogo, rangi ya njano, lakini chumba kizima unakiona. Mie nilidhani ni ushamba wa Kipare wa kutotaka kuuza. Mpaka siku moja Zakaria mwenyewe akasahau msumari mmoja, akaukanyaga na ndala zake, akaruka mpaka juu ya meza, akasema kwa Kipare maneno ambayo hadi leo sijapata mtu wa kunitafsiria.

Haya. Baadaye zikaja enzi za foleni za sabuni, hapakuwa tena na cha kuchagua. Taa ilikuwa ile ya dinamo, kichupa kile kinachosugua tairi na kufua umeme wake. Ukiipata mshukuru Mungu. Ndipo ikaja ruksa, milango ikafunguliwa, kila kitu kikaingia. Baiskeli za mtumba zilishuka bandarini na taa zake. Tochi za Kichina zikajaa, za kila umbo. Na betri, lahaula! Zilikuwepo betri ukizinunua asubuhi, adhuhuri zishakufa, hata tochi hujaiwasha. Watu wakawa wanazianika juani juu ya paa ili zirudi uhai. Kuna muuza maziwa mmoja alianika zake juu ya kibanda changu, kunguru akaja akanyanyua moja akaenda nayo. Yule bwana alimfuata kunguru mpaka karibu na Tegeta, anamwita mwizi. Kwa hiyo msidhani nyie ndio wa kwanza kuhangaika na chaji.

Sasa katika watu wote niliowafungia taa, aliyenitesa roho ni Mrisho.

Mrisho alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mapaja yameshiba, baiskeli alijifunza kabla ya kutembea. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Hapo nieleze, maana siku hizi mambo haya mnayaona magumu. Mtani wako anakutukana mbele ya watu na wewe hukasiriki. Ukikasirika, umeshindwa, na watu watakusimanga mpaka uhame. Anaweza kuchukua kuku wako akamchinja, nawe ukaenda kwake ukala sahani yake ya kwanza. Ndivyo tulivyorithi kwa babu zetu, tangu Wanyamwezi walipokuwa wanateremka pwani kwa miguu. Basi Mrisho kila akifika kibandani kwangu alikuwa anaanza, "Mzaramo, hujaliuza shamba lote ukacheze ngoma? Bado una kipande cha kuwekea kibanda?" Na mie namjibu, "Karibu mpagazi, tua mzigo." Ndiyo shikamoo yetu hiyo.

Alipata kazi kwa Bwana Faki, Mpemba mwenye bekari ya mikate ya boflo. Ramadhani ilikuwa imeingia, na Faki akataka mkate wa daku ufike vitongoji vya ndani, huko nyuma ya Bunju, kabla watu hawajala. Gari haliingii huko. Njia ni ya miguu, inapita kwenye mikorosho, inateremka bondeni penye mchanga mzito na mtaro wa maji ya mvua, inapanda tena. Mrisho akapewa njia hiyo, na tenga la mikate nyuma ya baiskeli. Kwa kazi hiyo akajivuna, akamwita mkewe Nyamizi atoke Tabora. Nyamizi alipanda treni siku mbili, akafika Boko na masanduku yake, akaonyeshwa chumba na kitanda. Mwanamke mzuri, mrefu kumpita mumewe, na ulimi wake haukuwa na breki.

Mrisho akaja kwangu na taa aliyoinunua Kariakoo. Taa ya pikipiki! Na betri ya pikipiki ya kuiwashia, nzito, ya kukaa ndani ya tenga pamoja na mikate ya watu. "Mtani, nifungie hii. Nataka nikipita mchana uone wivu." Nikamwambia hii si taa ya njia ile. Akanijibu, "Wewe uchawi unakusumbua. Funga." Mteja akisema funga, nafunga. Tukaiwasha jioni ile, mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Usiku ule akaondoka. Mbele yake mwanga mweupe, kila jani unalihesabu. Na ile taa haina sauti. Dinamo ikisugua tairi inalia ngwiii, mtu anasikia tangu mbali kwamba ni baiskeli. Hii kimya. Juu ya mikorosho unaona jicho moja jeupe linakuja, linapanda, linashuka, halisemi kitu. Vijana wa kuamsha watu daku ndio waliokuwa wa kwanza kuliona. Walikuwa wanaimba na ngoma yao. Ngoma wakaiacha njiani, Mrisho akaikanyaga, akaanguka, akainuka, akaendelea kuwafuata akipiga kelele, "Mkate! Mkate!" Nani asimame? Alipoingia kitongojini milango yote ilikuwa imefungwa, ndani watu wanasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti. Akagonga nyumba baada ya nyumba. Kila akigonga, kisomo kinapanda. Mikate ikarudi yote kwa Faki.

Kesho yake barazani kulikuwa na mjadala mkubwa, nimesimuliwa na waliokuwepo. Mzee Pazi, mkubwa wa kitongoji kile, akasema haliwezi kuwa jini baya, maana mwezi wa Ramadhani mashetani hufungwa minyororo. Bibi mmoja, Bi Mwanaheri, akamjibu, "Mnyororo nao hukatika, Pazi. Wewe ng'ombe wako hukatika kamba kila Ijumaa." Wengine wakasema si jini, ni watu wa kupima viwanja wamekuja usiku na taa zao ili wasionekane wakiweka mawe. Hapo ndipo watu walipoogopa kweli. Jini utalisomea dua liondoke. Mpima viwanja utamsomea nini?

Mrisho akarudi kwangu ameivua ile taa, ameivimbia. Nikamfungia dinamo. Taa yake nikaifunga pale alipopataka yeye, juu, kwenye usukani, maana alisema ya chini inaliwa na matope. Akaenda usiku wa pili. Kwenye njia ngumu, safi kabisa. Lakini dinamo inakula mbio zako. Ukipunguza mwendo, nayo inapunguza. Alipoteremka bondeni kwenye mchanga, tairi likazama, mwendo ukafa, taa ikafa, na hapo hapo ndipo mtaro ulipo. Yaani inakuzimikia pale pale unapoihitaji. Alitumbukia na tenga lake. Akaokota boflo moja moja gizani kwa kupapasa, akazipukuta kwenye kanzu, akazipeleka hivyo hivyo. Wachache waliofungua milango waliuma mara moja. "Mnyamwezi, mkate huu umeukanda kwa unga au kwa kokoto?" Ikarudi tena.

Bwana Faki hakuwa mtu mbaya. Alimwita, akampa kahawa, akamwambia kwa upole, "Mrisho, mwanangu, mie mikate yangu nampikia mlaji, simpikii msafiri. Nakupa usiku wa kesho. Ikirudi tena, njia nampa mwengine." Mrisho akaleta habari hiyo nyumbani. Nyamizi alikuwa anasonga ugali wa futari. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mie niliaga kwetu kwamba nakwenda kwa mume mwenye kazi. Mama yangu kaniuzia mbuzi kwa nauli. Kama kazi hakuna, mie siwezi kukaa mji wa watu nakutazama unavyoanguka mitaroni. Mikate ikirudi, na mie narudi." Na Mrisho alipoyasimulia hayo kibandani kwangu hakunitukana hata kidogo. Hapo nilitishika. Mnyamwezi ameketi mbele ya Mzaramo, na tusi hana! Nikaona huyu mtu anazama kweli, na mie nampenda, ndiyo nasema wazi, nilikuwa nampenda yule bwege.

Nikafunga kibanda saa za alasiri. Nikamwambia, "Inuka, tukaitazame njia yenyewe." Na hili nawaambia nyie wa suruali za kubana: kabla hujauliza taa gani, nenda kaione njia kwa miguu yako. Tulipofuturu tende mbili mbili, tukangoja kiza kiingie, tukaanza majaribio kule bondeni. Nilikuwa nimebeba ile taa ya dinamo na tochi ya mawe mawili, betri hizo.

Nikaiwasha tochi, nikaishika juu, usawa wa kifua. "Unaona mtaro?" "Wapi? Naona mchanga tu, sawasawa." Kweli, ukimulika kutoka juu, shimo na tambarare vyote vinakuwa rangi moja. Nikainama, nikaishusha mpaka usawa wa kitovu cha gurudumu. "Na sasa?" Mrisho akaruka nyuma. "Mama yangu! Kumbe mtaro wenyewe ni huu?" Taa ikiwa chini, kila shimo linatupa kivuli chake, kila jiwe linasimama. Hata wayo wa kuku unauona. Kwa hiyo tuliporudi kibandani taa ya dinamo nikaihamishia chini, kwenye uma wa gurudumu la mbele. Matope tutayafuta, hatutalala nayo.

Halafu nikakata kopo la maziwa, nikaitengenezea taa kofia juu yake, ili mwanga umwagike chini usiende kwenye macho ya watu. Mtu ukimmulika usoni hakuoni wewe, anaona moto tu, na mtu anayeona moto atakimbia au atarusha jiwe. Mwisho, ile tochi nikaifunga juu ya usukani kwa vipande vya mpira wa tairi, ya kuwasha pale mwendo unapokufa kwenye mchanga. Betri nikanunua mpya, nikaziuma kwa meno nione kama ngumu. Hiyo haina maana yoyote, lakini kila fundi alikuwa anafanya.

Mrisho akazitazama taa zake, moja ya njano ina kofia ya kopo, nyingine imefungwa mpira kama kidonda. "Mtani, ndiyo hii? Mbona imefifia?"

"Umeona nini?" nikamuuliza.

"Nimeona njia."

"Basi nenda nyumbani ukalale."

Usiku ule nilimfuata na baiskeli yangu, bila taa, nikiufuata mwanga wake. Ningelala vipi? Tulipita mikorosho, dinamo inalia ngwiii, mwanga umetulia chini. Bondeni mchanga ukamkaba, dinamo ikafifia, akawasha tochi, akauzunguka mtaro kama anauzunguka mkeka wa mkwewe. Tukapanda upande wa pili. Moyo wangu ukafunguka. Nikasema kazi imekwisha.

Kumbe kitongojini hawakulala. Lile jicho jeupe lilikuwa limewachosha. Mzee Pazi alikuwa ameamua kwamba, jini au mpima viwanja, leo watalikamata. Walijificha kwenye mihogo na michi ya kutwangia, na katikati ya njia wametega wavu. Wavu gani? Ule wa kutegea nguruwe pori wanaokula mihogo! Mrisho akauingia mzimamzima. Baiskeli ikaenda huku, yeye huku, akabiringika ndani ya wavu, na watu wakatoka na michi yao juu. Mie nikabana breki.

Na Mrisho alichofanya, wallahi, hakukifikiria. Badala ya kuomba msamaha, hasira za siku zote zile zikamtoka. "Wazaramo nyie! Mashamba mmeuza, na macho pia mmeuza? Mnakamata mkate kwa wavu wa nguruwe? Ngoma imewapasua vichwa!"

Michi ikasimama hewani. Kisha Bi Mwanaheri, kutoka nyuma, na taa yake ya chemli, "Shusheni michi nyie! Jini gani linatukana kwa lafudhi ya Tabora? Huyo mtani!"

"Mtani?" Mzee Pazi akainama akatazama ndani ya wavu. "Aa, mpagazi! Kumbe ni wewe uliyeturusha roho juzi?"

Hapo mngedhani mambo yamekwisha. Ndiyo kwanza yakaanza. Mzee Pazi akatangaza kwamba, kwa sheria ya utani, aliyenasa kwenye wavu ni windo. Windo lina kitoweo, na kitoweo chake ni mkate. Mikate yote ni yao, bure. Watu wakashangilia, wakalivamia tenga. Mrisho amekaa chini na wavu wake kichwani, hawezi kukasirika, akikasirika ameshindwa. Mie ndiye niliyeanza kupiga hesabu. Mikate ikiliwa bure, tenga litarudi tupu na mkono mtupu, na Faki atasema nini? Nyamizi atasema nini? Nikapiga kelele, "Jamani, huyu ana mke!" Mzee Pazi akanitazama. "Na wewe si Mzaramo mwenzetu? Chukua boflo lako, unangoja nini?" Na kweli kwa utani nilikuwa upande wao. Nimesimama pale, boflo nimeshikishwa mkononi, sijui niliweke wapi.

Mrisho akasimama. Akajipukuta mchanga polepole. "Vizuri. Mzee Pazi, wavu huu mnanasia nini?"

"Nguruwe."

"Na mwezi huu mwezi gani?"

Watu wakaanza kutazamana.

"Mmemfunga Mwislamu mwenzenu kwenye wavu wa nguruwe, mwezi mtukufu, amebeba daku lenu. Basi kwa utani huo huo, mie ndiye wa kulipwa, na nachagua mwenyewe." Akawazungushia macho watu wote. "Namchukua Bi Mwanaheri. Ataketi hapa nyuma badala ya tenga, nampeleka Tabora akanitwangie."

Bi Mwanaheri alikuwa na umri wa mama yake Mrisho na ushee. Akatua chemli chini, akakaza khanga yake. "Nibebe mwanangu, nimechoka na wajinga hawa. Lakini sitoki na njaa. Niuzie boflo mbili kwanza nile daku langu."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwaamsha hata waliokuwa wamelala. Mzee Pazi alicheka mpaka akauegemea mchi. Akasema ngoma droo, hakuna windo wala bibi harusi, kila mtu alipe mkate wake. Na bado wakawa wanataniana, huyu anamwambia bibi ajitie udi kwa safari, yule anauliza mahari. Mie nimetazama mashariki, naona weupe. "Nyie watu! Adhana!" Lo, mngeona! Walisukumana pale kwenye tenga, mwenye chai anaimwaga mbio, mwenye noti anaitupa hataki chenji. Mwadhini mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mstari na boflo mdomoni, ndiyo sababu tulipata nafasi ya kumaliza. Alipomeza tu akaenda akaadhini, na tenga halikuwa na hata makombo. Mie na Mrisho hatukula kitu. Tulibeba mikate ya watu usiku kucha tukafunga na maji ya mtungini.

Tangu hapo, Mrisho alipokuwa anakaribia kile kitongoji alikuwa anatupa tusi moja kubwa kutoka kwenye mikorosho, na milango inafunguliwa. Kwa hiyo kama kuna mmoja wenu anapita huko na taa yake ya kutisha ng'ombe, awasalimie watu kabla hajawamulika. Hilo halimo kwenye karatasi inayokuja na taa.

Tulirudi Boko jua limeshachomoza. Nilimsindikiza mpaka kwake, nilitaka nione kwa macho yangu. Nyamizi alikuwa ameketi mlangoni, amevaa ushungi wa safari, masanduku yako pembeni yake na kamba imeshafungwa. Kumbe hakuwa amengoja. Alifanya hesabu zake usiku, akaona mume hatakuja na jipya. Hakututazama usoni, alilitazama tenga. Akanyanyuka, akaingiza mkono ndani, akapapasa mpaka chini kabisa, akautoa mkono, akauangalia. Halafu akajifunika uso kwa ushungi, mabega yanamtikisika. Mie nikadhani analia. Alikuwa analia kweli.

Mrisho akabaki amesimama na baiskeli yake, mchanga mpaka masikioni, uzi wa wavu bado uko kwenye kofia. Nyamizi akapangusa macho, akanigeukia mie, kwa hasira kabisa.

"Shemeji, mmechelewa! Mie nimetoka alfajiri nimekwishawaaga majirani wote. Nyumba kwa nyumba. Mama wa pale kanipa mpaka sukari ya njiani. Sasa uso wangu nitauweka wapi?"

Mrisho akalishusha tenga, akainama, akaanza kufungua ile kamba ya masanduku.

"Kawaamkie," akamwambia.

Nyamizi akamsogezea sanduku la pili. Kisha akajitanda ushungi wake upya, akatoka, akaanza na nyumba ya kwanza. Tukamsikia kutoka pale tulipo, "Hodi! Mmeamkaje?"